Kipa Aliyeshukuriwa na Uwanja Wenye Bahari

Jumatatu ile baridi ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, ilikuja na hasira za mwaka mzima. Ukungu ulishuka mpaka kwenye mabati ya soko, na kila aliyefungua mdomo alitoa moshi kama treni. Sisi wa kijiwe cha kahawa tulikuwa tumebanana kwenye benchi letu, mabega yamegusana. Usidhani ni upendo. Tulikuwa tunaibiana joto.

Mwenye kijiwe ni Mrisho. Babu yake alitoka Pangani kuja kuuza chumvi, akaonja viazi vya huku, hakurudi tena. Mrisho tunamwita Refa, maana ukizidisha kelele anakugongea vikombe viwili sikioni, na ukirudia anakunyima kashata. Mkono wake wa kulia hukaa Bartholomeo, mzee wa Iringa aliyestaafu kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo. Huyo ni Katiba. Ana kadi ya uanachama wa timu yetu, Loleza Rangers, namba kumi na nne, na hakuna jambo la klabu asilolitolea kifungu. Hamza wa bodaboda tunamwita Bando, kwa sababu anaweza kukosa petroli lakini intaneti hakosi. Meza ya parachichi na ndizi iliyo pembeni ni ya Tumpe, Mama VAR, ambaye anaona kila kitu hata akiwa amekupa mgongo. Mimi ni Amos, nashona viatu hapo hapo, naitwa Soli. Kazi yangu ni kusikiliza.

Hamza alifika akiwa hajavua helmeti, simu juu kama mwenge.

"Wanangu, imeshuka! Thenkyu tisa kwa mpigo!"

Kwa asiyejua mambo ya usajili, siku hizi timu haimfukuzi mchezaji. Inambandika picha mtandaoni, inaandika asante, inaweka na mikono miwili imeshikana. Mchezaji akiamka anakuta ameshukuriwa.

"Soma," alisema Katiba, akikunja koti lake shingoni. "Lakini soma kwa mpangilio."

"Klabu imeachana na wachezaji wafuatao kwa makubaliano ya pande mbili..."

"Pande mbili zipi?" Tumpe aliuliza bila kugeuka, anapanga parachichi.

"Upande wa Mwenyekiti na upande wa mkewe," Hamza alijibu.

Tulicheka mpaka benchi likalalamika. Katiba hakucheka.

"Mwenyekiti Kalinga anaijenga timu. Kifungu cha ishirini na moja kinampa mamlaka ya kusajili na kuacha."

"Na cha kutupa kombe ni cha ngapi?" Hamza alimkata. "Mzee wangu, tumemaliza wa saba. Wa saba, na tulikuwa tumeshachinja mbuzi wa kupanda daraja!"

"Mbuzi mlichinja kwa njaa yenu. Katiba haimtambui mbuzi."

"Endelea kusoma, Bando," Mrisho alisema, anamimina. "Waliosajiliwa je?"

"Wameingia kumi na moja. Washambuliaji saba."

"Saba?"

"Saba. Beki mmoja. Huyo mmoja naye wameandika anaweza kucheza mbele."

"Sasa nyuma atakaa nani?" niliuliza.

"Nyuma watakaa mashabiki," Tumpe alisema. "Si ndio tunaokaa nyuma siku zote?"

"Na kipa?" Mrisho aliuliza.

Hamza alivuta skrini kwa kidole gumba. "Kipa kaja kifaa kutoka Komoro. Anaitwa Anfane. Na hii hapa thenkyu ya tisa. Isakwisa."

Benchi zima lilitoa sauti moja, kama gurudumu lililopata msumari.

Isakwisa alikuwa kipa wetu kwa miaka kumi na moja. Alipokuwa na siku nzuri tulimwita Komeo. Alipokuwa na siku mbaya tulimwita Pazia, kwa sababu upepo ukija anajifungua mwenyewe. Sitaki kuwadanganya. Kwenye ile sekunde ya kwanza tulihuzunika. Kwenye sekunde ya pili tukakumbuka magoli.

"Tuseme ukweli," Katiba alianza, "umri umekwenda. Msimu huu kafungwa magoli ya mtoto."

"Lile la mechi ya mwisho mpira ulikuwa unatembea," Hamza alidakia. "Unatembea kabisa, umeweka mikono mfukoni. Komeo akaupisha, akausalimia!"

"Kuruka siku hizi anaruka baada ya goli."

"Anaruka kwa heshima. Kama anasimama kumpisha mgeni."

"Nyie!" Tumpe aligeuka. "Mwaka ule tuliponusurika kushuka, nani alidaka penalti mbili na kidole kimevunjika? Katiba, hukumbeba mgongoni wewe?"

"Nilimbeba. Lakini klabu ni kubwa kuliko mchezaji. Aliyewahi kubebwa habebwi milele, hata mtoto mgongoni hushushwa."

"Katoka Pazia, limekuja geti la chuma," alimalizia Hamza, na tukacheka tena. Mimi nilicheka, siwezi kujitoa. Vyuma vya viatu vya Isakwisa nimevibadilisha mimi kwa misimu sita, na nilicheka.

Ndipo Tumpe akasema kwa sauti ndogo, "Anakuja."

Alikuwa anakatiza katikati ya meza za nyanya, mrefu, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, begi la mazoezi begani. Anacheka na kila mtu. Wiki mbili nzima alikuwa kwa wakwe zake huko milimani Rungwe, kuvuna viazi, na simu yake ni kitochi, hiyo ya vitufe. Mazoezi ya msimu mpya yalikuwa yanaanza asubuhi ileile.

"Ugonile, mama," alimsalimia Tumpe kwa Kinyakyusa. Kisha akamgeukia Katiba kwa Kihehe, "Kamwene, mzee." Akaketi katikati yetu. "Refa, nipe ya moto nikimbie. Kocha ametaka tufike mapema. Mbona mmepoa hivi?"

"Baridi," Katiba alisema.

"Baridi kali," Hamza aliongeza, na simu akaikalia.

"Mwaka huu nimejiandaa," Isakwisa alisema huku akipuliza kahawa. "Nimebeba magunia ya viazi kupanda na kushuka ule mlima. Goti halinisumbui tena. Nyie subirini."

Mimi nilipiga msumari ambao haukuwepo. Mrisho alifuta kikombe kilichokuwa kisafi. Hamza alimkanyaga Katiba mguu, Katiba akamkanyaga Hamza. Kila mmoja alitaka mwenzake awe mtu mzima.

"Mzee Katiba ana neno," Hamza alisema.

"Mimi? Bando ndiye mwenye taarifa."

"Kifungu kinasemaje kuhusu..."

"Hakuna kifungu!" Katiba alifoka. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kumsikia akikiri kwamba hakuna kifungu.

Tumpe aliacha meza yake. Alikuja akajifuta mikono kwenye kitenge, akachuchumaa mbele ya Isakwisa kama mtu anayesalimia msibani.

"Baba, usiende mazoezini."

"Kwa nini, mama?"

"Wamekuacha. Wamebandika leo asubuhi."

Isakwisa alitutazama mmoja mmoja, akitafuta anayetaka kucheka. Hakumpata. Hamza aliitoa simu pale alipoikalia, akaifuta skrini kwenye suruali, akampa.

Aliitazama muda mrefu. Kati ya picha zote za miaka kumi na moja, mtu wa mtandao wa klabu alikuwa amechagua ile ambayo Isakwisa ameinama, anaokota mpira nyavuni. Juu yake wameandika: Asante kwa yote.

"Hii ni ile mechi ya Sumbawanga," alisema hatimaye. "Hili goli lilikuwa ofsaidi."

Akatugeuzia skrini.

"Lilikuwa ofsaidi, jamani. Hata mshika kibendera alinyoosha, akashusha."

"Tuliona," Tumpe alisema. "Nilikuwepo. Ofsaidi kabisa."

Alimrudishia Hamza simu kwa mikono miwili. Akanywa kahawa yake mpaka kwenye machicha, akainuka, akalivaa begi, akapiga hatua mbili, akasimama. Soko lilikuwa linaendelea kumpita, watu wa mikokoteni wanampigia kelele apishe.

"Saa hizi huwa naelekea uwanjani," alisema. "Sasa sijui niende wapi."

Mrisho alimshika mkono akamrudisha kwenye benchi, akamwekea kikombe cha pili na kashata nzima. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaviacha vikombe, akatoa simu mfukoni.

Alipiga kwa shemeji yake, Batuli, mfanyabiashara wa mchele kule Madibira. Wakulima wa skimu ya mpunga wana timu yao, inacheza ligi ya wilaya, na Batuli ndiye katibu, meneja, na mwenye mipira. Mrisho aliweka sauti kubwa ili tusikie wote.

"Shemeji, nina kipa."

"Mzima?"

"Mzima. Miaka kumi na moja Loleza Rangers."

"Ana miaka mingapi?"

Mrisho alimtazama Isakwisa. Isakwisa alionyesha vidole vitatu, kisha vinne.

"Thelathini na minne."

"Ya kweli au ya mpira?"

"Ya kweli."

"Basi huyo ni mkweli, hana ukipa," Batuli alisema, na hata Isakwisa akacheka. "Anajua kufundisha wenzake? Vijana wangu wana nguvu lakini wanadaka mpira kama wanakamata kuku."

Isakwisa aliichukua simu. "Naweza, mama."

"Kwenye maji unaingia? Huku siku tatu mazoezi, siku tatu mashambani. Chumba kipo. Mchele hutaula ukaisha."

"Naingia."

"Jumapili ya wiki ijayo tuna mechi. Njoo Jumanne hii, uanze."

"Jumanne hii siwezi. Nina kilo za viazi sijamaliza kwa wakwe. Nije Jumapili hii."

"Njoo. Na usinibebee jezi ya timu kubwa, huku tunavaa njano."

Benchi halikujua kama lipongeze au litoe pole. Katiba akakohoa. "Uhamisho huu umefuata taratibu," alisema. Kwa upande wake, huo ulikuwa ni mkumbatio.

Jumatano ndipo Hamza alipoleta habari ya pili. Klabu ilikuwa inajenga uwanja! Pale pale Mikaratusini, kiwanja chetu cha siku zote chenye mikaratusi pande tatu na mteremko unaolipa goli la chini faida. Jiwe la msingi lingewekwa Jumamosi, halafu mechi ya kirafiki na Gangilonga Boys wa Iringa.

"Watu elfu thelathini wataketi!" Hamza alisoma. "Ona mchoro. Ona taa. Ona kioo hiki, ni sebule ya wageni maalumu. Tatu! Na huku paa ni pa kutua helikopta."

Simu ilizunguka mkono hadi mkono. Ulikuwa mchoro wa kupendeza, nyasi kama zulia, magari yanang'aa. Mrisho aliukazia macho, akausogeza mbali, akausogeza karibu.

"Hii nyuma ni nini?"

"Wapi?"

"Hii ya bluu."

Tukainamia wote. Nyuma ya uwanja wa Loleza Rangers, Mbeya, palikuwa na bahari. Na minazi miwili, na mtu amekaa kwenye kiti cha kukunja na miwani ya jua.

"Mimi ndiye mwenye asili ya huko," Mrisho alisema polepole, "na nakwambieni, hii ni bahari."

"Ni anga," Katiba alisema.

"Anga ina boti?"

"Mzee Katiba," Hamza alisema, amejishika tumbo, "mnaleta bahari Nyanda za Juu? Itapita wapi, mlima Kitonga? Si itakwama kwenye kona na malori!"

"Ni mchoro wa awali! Mchoro wa awali huonyesha dhana!"

"Basi dhana ilete na samaki," alisema Tumpe, akiivuta simu. Yeye hakuwa anatazama bahari. Alikuza picha kwa vidole viwili, akaizungusha, akaikuza tena. Akaturudishia, akarudi kwenye parachichi zake, na mimi ninayemjua nikajua kuna mtu atajuta.

Jumamosi tulikwenda wote, isipokuwa Refa aliyebaki na kahawa. Isakwisa naye alikuja. Alikuwa anashuka kesho yake kwenda Madibira, akasema anataka kuuaga uwanja. Alisimama nasi upande wa mashabiki, mikono mfukoni. Wapo waliomkimbia kwa aibu, wapo waliomshika bega. Mmoja alimwambia "tutakukumbuka" kwa sauti ya kwenye kaburi, Isakwisa akamwambia yeye bado anapumua.

Mwenyekiti Edmund Kalinga alikuja na suti ya bluu na viatu vilivyochongoka. Ni mtu mkarimu wa maneno. Alisema uwanja huu utakuwa kioo cha kanda. Alisema wapinga maendeleo wamejificha miongoni mwetu. Akafunua kitambaa, jiwe likaonekana, jina lake limechongwa kubwa kuliko la klabu. Katiba alipiga makofi mpaka glavu zake za sufu zikatoa vumbi.

"Kuna swali?" Mwenyekiti aliuliza, kama wanavyouliza watu wasiotaka swali.

Tumpe alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi ni Tumpe, nauza parachichi, nimeingia uwanja huu miaka kumi na tisa. Nimeutazama mchoro wako. Nimeona sebule tatu, nimeona pa helikopta, nimeona bahari. Choo cha wanawake kiko wapi?"

Kicheko kilianzia kwa wamama wa karanga, kikazunguka uwanja. Mwenyekiti alimgeukia mtu wake wa mchoro. Mtu wa mchoro alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Suala hilo... litaingia kwenye awamu ya pili."

"Awamu ya kwanza ni ya helikopta?"

"Mama, tusilete siasa."

"Hii si siasa, ni kibofu," Tumpe alisema. Hakuwa anacheka. "Miaka kumi na tisa kila kipindi cha pili nakwenda kubisha hodi kwenye nyumba za watu pale juu. Kuna mama mmoja ananifahamu kuliko ninavyofahamiana na dada zangu, na hatujawahi kuongea lingine zaidi ya hilo. Magoli matatu makubwa ya timu hii sikuyaona, nilikuwa kwake. Mimi helikopta sina. Nijibu."

Sasa hapakuwa na kicheko. Wanawake walikuwa wamesimama, mmoja hapa, mmoja kule, beseni vichwani. Mwenyekiti alisema amelipokea, akaomba mpira uanze.

Ukaanza. Na upepo wa mlima Loleza nao ukaanza.

Anfane, yule kifaa wa Komoro, alitoka na fulana tatu ndani ya jezi na bado alikuwa anatetemeka kama mtu wa malaria. Kijana mzuri, miaka ishirini na sita, mrefu, lakini alikuwa amefika siku mbili zilizopita kutoka kwenye jua. Vidole vilikuwa vimekufa. Mpira wa kwanza ulimponyoka. Wa pili ukamponyoka ukaingia. Gangilonga Boys moja, sisi sifuri, na dakika hazijafika kumi na tano.

"Pazia!" mtu alipiga kelele. Jina halikuchukua hata wiki kupata mwenyewe mpya.

"Hili si pazia, ni wavu wa mbu!"

Halafu zikaanza sauti nyingine, kidogo kidogo, kisha nyingi: "Komeo! Komeo aingie!" Watu wale wale. Hamza alikuwa wa kwanza, na mimi nilikuwa wa pili, naomba mniandikie hivyo hivyo.

Mapumziko, Mwenyekiti alikuja mwenyewe, suti inapeperuka. Kipa wa akiba naye alikuwa ameshapewa thenkyu, tena ya nne kwenye orodha. Alimshika Isakwisa kiwiko.

"Kijana wangu. Mechi ni ya kirafiki, haina usajili. Jezi ipo. Okoa jahazi."

Isakwisa alitazama lango, lile la chini, lenye kipara cha udongo mahali alipokuwa akisimama yeye.

"Nina timu, Mwenyekiti."

"Timu gani?"

"Ya wakulima wa mpunga."

"Hiyo nayo ni timu?"

"Hao tumeongea kwenye simu," Isakwisa alisema. "Kwa mdomo, tukapanga siku ya kufika."

Mwenyekiti alikwenda zake kumtafuta mtu wa kumlaumu. Nilidhani Isakwisa ataondoka. Hakuondoka. Alimwendea mama mmoja wa viazi vya kuchemsha, akachukua viwili vinavyotoa moshi, akavifunga kwenye leso, akazunguka hadi nyuma ya lango alipokuwa Anfane, amechuchumaa peke yake anapulizia viganja.

"Vua glavu," alimwambia. "Shika kimoja kila mkono. Usile. Mpira ukiwa mbali unavishika, ukija unatupa. Nimefanya hivi miaka kumi na moja, kocha hajawahi kujua."

"Wewe ndiye Isakwisa?" kijana aliuliza.

"Ndiye."

"Nisamehe, kaka. Sikujua kama mahali pana mtu."

"Hukunitoa wewe. Shika viazi."

Kipindi cha pili chote alisimama nyuma ya nyavu, anaongea. Toka. Rudi. Kushoto kwako. Usimtazame usoni. Anfane akadaka mmoja, akadaka wa pili, mashabiki wakaanza kukaa sawa. Dakika za mwisho tulisawazisha kwa kichwa cha yule beki anayeweza kucheza mbele. Na dakika ya mwisho kabisa mwamuzi akawapa Gangilonga penalti.

Isakwisa aliinama kwenye nyavu.

"Huyu mpigaji namjua. Amenifunga mara mbili, zote kulia kwangu, chini. Atajifanya anatazama kushoto. Usiamini."

Mpigaji akatazama kushoto. Anfane akaruka kulia, na mikono ile iliyokuwa imepashwa na viazi ikaupiga mpira nje.

Sijui nieleze vipi. Mikaratusi ilipiga kelele. Katiba alimbeba Hamza. Wachezaji walimkimbilia Anfane, na Anfane aliwapita wote, akaenda nyuma ya lango, akamkumbatia yule mwenye kofia ya sufu kupitia kwenye nyavu. Walikuwa wanalia wote wawili, mmoja huku, mmoja kule. Kipaza sauti kilisikika kikisema kwamba matokeo haya ni matunda ya maandalizi ya uongozi.

Tumpe aliona penalti yote. Tulimuuliza, akasema alijizuia.

Jumatatu klabu ilitoa taarifa kwamba ujenzi wa uwanja umesimama kupisha tathmini. Wanawake wa Mwanjelwa hawakusubiri tathmini. Jumanne walimpelekea Mwenyekiti ujumbe: mechi ijayo hakuna karanga, hakuna maji, hakuna viazi, hakuna mwanamke atakayekata tiketi. Alhamisi mafundi walionekana Mikaratusini wakichimba. Ijumaa choo kilikuwa kimesimama, mabati mapya, milango miwili yenye komeo za kweli. Mwenyekiti alikuja kukikatia utepe, akasema awamu ya kwanza ya uwanja wa kisasa imekamilika. Tumpe aliingia wa kwanza, akatoka, akatikisa kichwa kukubali. Walipiga vigelegele kuliko siku ya jiwe.

"Sawa," Mrisho alisema tulipomsimulia. "Kesho kutwa Isakwisa anacheza mechi yake ya kwanza Madibira. Nani anakwenda?"

Hamza alikuwa ameshapata gari, Noah ya rafiki yake. Tumpe alikwenda, mimi nilikwenda. Mrisho mwenyewe alifunga kijiwe, jambo ambalo hata sikukuu halifanyi.

"Mimi siendi," Katiba alisema. "Mwanachama wa klabu moja haruhusiwi kushabikia klabu nyingine. Kifungu cha tisa. Tena mkome kunishawishi."

Hatukuwa tumemshawishi.

Jumapili alfajiri tukakutana kwenye kona ya soko, kila mtu na chupa yake ya chai. Gari lilikuwa limewasha taa za ndani. Kwenye kiti cha mbele, kile tulichokuwa tukikigombania tangu juzi, alikuwa amekaa Bartholomeo, mkanda amefunga, anatazama mbele moja kwa moja. Jezi ya Loleza Rangers alikuwa ameivaa, lakini ameigeuza nje ndani, mishono yote hadharani, kipande cha lebo kimesimama shingoni kama mkia.

Tulimzunguka dirishani. Mwishowe Hamza akainama.

"Mzee, kifungu cha tisa?"

Katiba hakugeuka. Alivuta kioo, kioo kikagoma katikati.

"Kinamhusu aliyeivaa jezi sawasawa," alisema. "Panda, Bando, mnachelewesha watu."